Mkono Alioukubali Chepngeno

Kwa Kipkosgei,
Sosiot, Kericho.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa wifi yangu Dorine,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako mvua ya asubuhi imetuachia matope hadi mlangoni na kumfanya kakako arudi kutoka kanisani akiwa amebeba viatu mkononi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Je, ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa sababu ya kuwainua wagonjwa umepata nafuu? Na ile nyumba yenye ngazi nyingi, bado mnaishi humo au mlipata nyingine?

Sisi hatujambo. Kipkosgei amekonda kidogo kwa kukimbizana na majani, kwa kuwa chai inaota kwa nguvu msimu huu na wachumaji ni wachache. Mimi nimerudi darasani, na watahiniwa wangu wa biolojia hawanipi nafasi ya kupumua. Mama ana afya njema. Chepngeno pia anaendelea, na hali yake ndiyo hasa iliyonifanya nichukue karatasi.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati huu. Kepher, yule mpwa wa mchungaji anayesoma huko Leeds, anarudi wiki ijayo, nami nimemwomba aibebe. Simu ya nyumba hii, kama ujuavyo, si ya mtu mmoja. Ukipiga, Mama huiweka katikati ya meza na sauti yake juu, na yeyote aliye ndani husikia. Nina mambo ambayo ningependa uyasome ukiwa peke yako.

Jumapili iliyopita ulimuuliza Mama kwa nini alikwenda kukaa kwa shemeji Noah kule Fort Ternan wakati huku kazi imejaa. Alikujibu kwamba magoti yake yalitaka joto la bondeni. Mimi nilikuwa jikoni nikisikiliza, na nilimshukuru moyoni kwa jibu hilo. Halikuwa jibu la kweli. La kweli ninalo mimi, ingawa nakiri kwamba sina hakika kama ninalielewa lote.

Wewe humjui Chepngeno mezani. Unamjua kwenye kioo cha simu, akicheka na kukuonyesha mwanya wa meno. Mtoto huyu hunusa kila kitu kabla ya kukila. Maharagwe huyamenya ganda moja moja. Mayai hali, maini hataki hata kuyaona, na mboga akiiona kwenye sahani huisukuma pembeni kwa kidole kimoja kana kwamba itamng'ata. Anachokipenda ni ugali mkavu na chai ya maziwa, na kwa chai hana mipaka.

Zile vitamini za kutafuna ulizomtumia mwezi wa nne, zenye umbo la dubu, tulizipokea kwa shukrani. Kwa muda nilidhani anazila. Baadaye Mama aligundua kwamba mtoto alikuwa akimpelekea yule kuku mwekundu nyuma ya jiko, dubu mmoja kila asubuhi. Mama amekuwa akisema tangu hapo kwamba kuku huyo hutaga vizuri kuliko wenzake na kwamba tukutumie mayai huko Uingereza kama shukrani. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungevunjika moyo. Huenda pia nilifurahi kidogo kwamba na wewe amekukataa. Nitalirudia hilo.

Mwezi wa sita alianza kuchoka ovyo. Aliacha kukimbia na wenzake, akawa anakaa ukingoni mwa shamba la chai akiwatazama tu, na mara kadhaa nilimkuta akilamba udongo wa ukuta. Nilimpeleka kliniki. Tabibu alimpima akasema damu yake iko chini, si ya kututisha siku hiyo, lakini isipopanda itabidi alazwe na pengine aongezewe. Akatupa chupa ya dawa ya maji yenye madini ya chuma, kijiko kimoja kila siku, akatutaka turudi baada ya majuma machache.

Dorine, mimi nimesomea mambo ya mwili wa binadamu. Nimewafundisha wasichana wengi jinsi damu inavyobeba hewa. Nilifika nyumbani na ile chupa nikiwa na hakika kwamba sehemu ngumu imekwisha.

Chepngeno alinusa kijiko akasema, "Inanuka misumari." Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Niliitia kwenye uji, akauacha uji. Niliichanganya na mursik, akaniuliza kwa huzuni ni nani aliyeharibu maziwa. Nilimwahidi viatu vyekundu. Siku moja nilimbana pua, na dawa yote ikarudi juu ya blauzi yangu ya kazini, nikaenda shuleni na doa la kutu kifuani. Kipkosgei alijaribu mara moja akashindwa, akaniambia kwa upole niwe na subira, ushauri ambao hutolewa na mtu anayeondoka kwenda shambani.

Kisha Mama akaniomba chupa. Jioni hiyo mtoto alikunywa dawa. Kesho yake akanywa tena. Nilipomuuliza Mama amefanyaje, alicheka. "Nyinyi mlikuwa mnampa kama mgonjwa," akasema. "Mimi nampa kama ng'ombe."

Unakumbuka kwamba jioni, baada ya kukamua, Mama huwapa ng'ombe chumvi ya madini. Alikuwa akimchukua Chepngeno zizini, wakawapa ng'ombe chumvi yao, halafu mtoto naye akapata yake. Alikuwa amemweleza jina lake: kwamba wasichana walioitwa hivyo zamani walizaliwa wakati mifugo ilipopelekwa kulamba chumvi, na kwa hiyo hawezi kuwaacha wenzake walambe peke yao. Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ilikuwa hoja isiyopingika. Mimi ndiye niliyekubali apewe jina hilo. Nililipenda kwa jinsi linavyosikika. Maana yake nilikuwa nimeelezwa siku ya kumpa jina, kisha nikaiweka kando.

Nilipaswa kufurahi. Nilijiambia kwamba nimefurahi. Lakini kila jioni nilipowaona wakishuka kwenda zizini wameshikana mikono, wakizungumza Kikipsigis cha haraka ambacho mimi mtoto wa dukani Sotik, niliyelelewa kwa Kikuyu na Kiswahili, hukisikia nusu nusu, wivu ulikuwa ukinishika. Nilikuwa nikisikia kicheko cha mwanangu kutoka chini huko, kicheko ambacho sikukisababisha mimi. Nikawa nafunga dirisha la jikoni. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya nzi.

Usidhani namlalamikia Mama. Ningeona heri kama angekuwa mtu mbaya, kwa sababu wivu ungekuwa na mahali pa kuketi. Alinipokea katika nyumba hii bila kuniuliza kwa nini jina la baba yangu ni Muriuki na si Kipkurui, wakati wengine walikuwa wakiuliza. Ndiyo maana niliona aibu, na kwa sababu ya aibu sikusema na mtu, na kwa sababu sikusema, sikushuka zizini hata jioni moja.

Tulirudi kliniki mwezi wa nane, mimi, Mama na mtoto. Damu ilikuwa haijapanda hata kidogo. Tabibu alishangaa, akauliza kama kweli dawa inamezwa. Mama akajibu kwa fahari kwamba haijawahi kukosa. Tabibu akauliza anaimeza na nini.

"Na chai," Mama akasema. "Namtilia kwenye kikombe chake kidogo. Chai ya maziwa, ya moto kiasi."

Tabibu hakumkemea. Alieleza polepole kwamba chai huyashika madini ya chuma kabla mwili haujayachukua, na maziwa nayo hayasaidii, na kwamba huku kwetu hukutana na jambo hili mara nyingi kwa kuwa watoto hulelewa na chai. Akaongeza kwamba huenda sababu si hiyo pekee, inaweza pia kuwa minyoo, akampa mtoto dawa ya minyoo, na akasema ni bora kumpa dawa ya damu pamoja na maji ya machungwa.

Nitakuambia sasa jambo ambalo sijamwambia hata Kipkosgei. Tabibu alipotaja chai, nilifurahi. Damu ya mwanangu ilikuwa chini, alikuwa ameketi mapajani mwa nyanya yake akiwa mweupe viganjani, na mimi nikasikia furaha ikinipanda kama mtu aliyetajwa jina lake katika orodha ya washindi. Ilikuwa fupi sana. Lakini niliitambua, na nadhani Mama naye aliiona usoni mwangu, ingawa hapo huenda nakosea.

Nikasema, mbele ya tabibu na mbele ya akina mama waliokuwa wakingoja mlangoni, "Mama, kuanzia leo dawa ya mtoto nitampa mimi mwenyewe. Hii si kazi ya kubahatisha."

Mama alimwinua Chepngeno akamweka mapajani mwangu. "Sawa, mwalimu," akasema.

Tangu nilipojifungua alikuwa hajawahi kuniita jina jingine ila Mama Chepngeno. Siku mbili baadaye alifunga mzigo wake mdogo, akasema anakwenda kuona mahindi ya Noah.

Nimelifikiria neno lile la kliniki kila siku tangu hapo. Lilikuwa la kweli: chai ilikuwa inazuia dawa, na mimi kwa elimu yangu nilipaswa kulisema. Swali linalonisumbua ni kama ningelisema vile iwapo mtoto angekuwa anapewa chai na mtu ambaye mtoto mwenyewe hampendi. Nadhani ningesema kwa upole, kando, nikiwa nje. Na kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Ningeshuka zizini jioni moja tu, ningekiona kile kikombe. Ningeona mvuke wake kutoka mlangoni. Yale majuma yote ya dawa iliyopotea hayakupotezwa na Mama peke yake.

Nyumba bila Mama ilikuwa kimya kuliko nilivyodhani. Nilinunua machungwa, nikakamua, nikatia dawa, nikamwita mtoto mezani. Alinusa. "Kogo akija nitakunywa," akasema, kwa maana nyanya yake, na akashuka kitini. Hakulia wala hakunifanyia fujo. Alikuwa na adabu kama mtu anayekataa biskuti kwa jirani.

Basi nikaamua kufanya kama Mama. Nilivaa gambuti zake, nikachukua ndoo ya chumvi, nikashuka zizini na mtoto nyuma yangu, chupa mfukoni. Niliwamwagia ng'ombe chumvi kwenye hori. Walinitazama. Yule ng'ombe mzee mweusi hata hakusimama.

"Hujawaita," Chepngeno akasema. "Kogo huwaita kwanza."

Nikamuuliza huwaitaje. Akanieleza kama anavyoeleza mtu mzima jambo la wazi kwa mtoto: Kogo huanza na mkubwa, huita kila mmoja jina lake, na kila aliyeitwa huja. Mimi nilijua majina hayo yapo, Dorine. Nimeishi hapa miaka saba. Lakini ng'ombe wale nimewajua kwa namba za hereni zao, kwa sababu mimi ndiye ninayejaza daftari la maziwa. Nilijaribu jina moja nililodhani nalikumbuka. Mtoto alicheka hadi akaketi chini.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe huitwa lini?"

"Mwisho. Mimi ndiye mdogo." Kisha akatazama chupa mkononi mwangu, akatikisa kichwa. "Leo sijaitwa."

Nilimwita. Niliita jina lake mara mbili tatu, kwa sauti niliyodhani ni ya upole. Alisema hiyo ilikuwa ya kuitwa kuoga.

Kipkosgei angenifundisha majina yale kwa dakika chache tu. Sikumwomba. Sitaki kukuficha: niliona bora nishindwe mwenyewe kuliko kufaulu kwa njia ya Mama. Ilinichukua siku kadhaa, na mtoto kusinzia juu ya sahani yake saa sita mchana, kutambua kwamba anayelipia kiburi hicho si mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia kakako atupeleke Fort Ternan kwa pikapu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Tulimkuta Mama nyuma ya nyumba ya Noah akipepeta maharagwe. Chepngeno alimrukia shingoni kabla gari halijazima, na wivu wangu, ambao nilidhani nimeuacha Sosiot, ulishuka garini pamoja nami.

Maneno yote yakapotea. Nilimpa chupa nikasema, "Mama, amekataa."

"Amekataa dawa?"

"Amenikataa mimi."

Mama aliendelea kupepeta. Halafu akasema jambo ambalo sidhani kama umewahi kuambiwa. Alisema wewe ulikuwa hivi hivi. Kwamba ulipokuwa mdogo ulikuwa huli ila kwa mkono wa nyanya yako, mama yake baba yenu, na kwamba yeye alikuwa akisimama mlangoni na bakuli lililokataliwa, akimchukia yule mama kwa moyo wote. "Nilikuwa naomba aende mbali, hata huku Fort Ternan," akasema. "Hakuenda popote. Alikaa mpaka akazikwa pale. Wewe umenishinda, umemtoa mkwe wako kwa neno moja."

Noah alicheka, Kipkosgei akatazama viatu vyake. Mimi sikujua nicheke au nilie, na nadhani nilifanya yote mawili vibaya.

Nikaomba msamaha. Sikuomba kwa yale maneno marefu, niliomba kwa maneno yale yale ambayo mtu yeyote angetumia. Mama akaniuliza kama yale machungwa ya mti ulio mlangoni kwa Noah yatafaa. Nikasema yatafaa sana. Akaniuliza tena, polepole, kama ni lazima chai iachwe kabisa. Nikamweleza kwamba mtoto anaweza kunywa chai yake kando, saa nyingine, si karibu na dawa. Alinisikiliza kwa makini. "Hilo ungeniambia tu," akasema.

Jioni Noah alikamua ng'ombe wake mmoja, na kuna mbuzi wawili. Nilisimama langoni, kikombe cha machungwa mkono mmoja, chupa mwingine. Mama akaita. Nilikuwa sijawahi kuisikia kwa karibu sauti hiyo. Ni kama wimbo ambao umebakizwa mstari mmoja tu. Akamwita ng'ombe, akaja. Akawaita mbuzi, wakaja wakisukumana. Akaita "Chepngeno," na mwanangu akatoka nyuma ya banda akitembea taratibu, kichwa juu, kama ng'ombe mwenye heshima zake, akasimama mwisho wa mstari.

Kisha, kwa sauti ile ile bila kuibadilisha, Mama akaita, "Mama Chepngeno."

Nikaenda. Nilimimina dawa, Mama akamshika mtoto bega, naye akanywa kwa mkono wangu hadi tone la mwisho, akasema bado inanuka misumari, akafuta mdomo kwa nguo ya nyanya yake. Si yangu, Dorine, ya nyanya yake. Niliona. Mpaka leo sijui kama Mama aliniita katika mstari ule pamoja na wengine, au aliniita tu nilete chupa. Sijamuuliza, na sina mpango wa kumuuliza.

Tulirudi naye kesho yake na gunia la machungwa. Sasa huwa tunashuka zizini sote watatu. Nimejifunza majina ya ng'ombe wote isipokuwa moja ambalo ulimi wangu unaligomea, na Chepngeno hunirekebisha mbele ya watu. Ameanza tena kukimbia. Tutampima mwisho wa mwezi huu. Naogopa siku hiyo, lakini angalau safari hii najua kwamba damu ikipanda nitafurahi kwa sababu imepanda.

Sisemi kwamba wivu umekwisha. Jana mtoto alianguka akaumia goti, akapita mbele yangu akilia kwenda kwa Kogo, na wivu ukanishika tena kama zamani. Labda hauishi, labda hubadilika tu kuwa kitu ambacho mtu anaweza kutembea nacho. Mama angekuwa na jibu bora, kwa kuwa yeye amekibeba miaka mingi kuliko mimi, tena kwa ajili yako.

Nina maombi mawili. La kwanza, tafadhali usitume tena wale dubu. Kuku wetu ameshiba vitamini. La pili ni dogo, nawe una haki ya kulicheka. Unapopiga Jumapili, humuuliza Mama, "Mtoto anakulaje?" Nisikiapo hivyo huwa naacha ninachokifanya na kusimama jikoni kama mtu asiyekuwepo. Ningeomba siku moja moja uniulize mimi kwanza. Mama nitamwachia simu baadaye, aniongezee na kunisahihisha.

Nisalimie rafiki yako Quinter mnayeishi naye, na umwambie kwamba sweta aliyomletea Chepngeno bado inamtosha. Kipkosgei anakusalimu, shemeji Noah na watoto wake pia, na Mama anasema uvae soksi. Chepngeno amechora ng'ombe wanne, mtu mmoja mdogo nyuma yao, na mwingine mrefu. Mchoro nimeukunja humu ndani. Aliniambia nikueleze kwamba yule mrefu aliyesimama pembeni na chupa ni mimi.

Mungu akulinde katika kazi yako na akurudishe kwetu salama, mikono yako ikiwa na nguvu ya kutosha kumbeba mtoto ambaye kufikia hapo atakuwa mzito.

Ni mimi wifi yako akupendaye, na akuoneaye wivu kidogo,

Priscillah (Mama Chepngeno)